Uchafu Usiotoka kwa Sabuni: Mhadhara juu ya Udongo wa Kusafishia Rangi ya Gari



Boneti hii mnayoiona juu ya meza imetoka kwenye gari jeupe ambalo kwa muda mrefu lilikuwa likiegeshwa jirani na karakana ya mageti. Asubuhi imeoshwa kwa shampuu ya magari na maji mengi, ikasuuzwa, ikafutwa kwa kitambaa safi. Kwa mbali inang'aa, na mwenye gari angelipa hela ya kuoshewa bila kulalamika. Sasa inama uitazame kwa ubavu, mwanga wa dirisha uanguke juu yake. Utaona vidoa vya kahawia inayoelekea rangi ya chungwa, vidogo sana, vimezagaa zaidi upande wa kushoto, ule uliokuwa ukielekea karakana. Pitisha kiganja polepole. Mkono hautelezi, unakwaruzwa.

Vidoa hivyo ni chuma. Fundi anapokata bomba au kulainisha maungio ya geti kwa grainda, zile cheche zinazoruka ni vipande vya chuma vilivyopata moto mkali. Nyingi huzimika hewani na kuanguka chini. Chache hufika mita kadhaa, zikatua juu ya gari zikiwa bado na joto, zikajichimbia kidogo kwenye rangi na kupoa humo humo. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana. Unyevu wa usiku ukishazifikia, chuma kinaanza kuota kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kile kipande kinazidi kujibana kwenye shimo lake. Hapo sabuni haina kazi. Sabuni hunyanyua mafuta na vumbi lililolala juu ya rangi. Kung'oa kilichojichimbia haiwezi, hata uisugue kutwa nzima.

Uchafu wa namna hii ndio mada yetu, na dawa ninayokuja kuitetea ni kile kipande cha udongo wa kusafishia rangi ambacho vijana wengi wa kuosha magari sasa wanakiita klei. Nitaitetea klei, halafu nitawaomba muitumie mara chache kuliko mnavyoitumia. Klei ni kifaa cha kusaga. Anayeishika kama sabuni analiharibu gari la watu huku akiamini analisafisha.

Nianze na mahali uchafu huu unakotoka, maana mwenye gari wa mji kama Dar es Salaam anaupata kutoka kila upande.

Chanzo kisichokosekana ni magari yenyewe. Diski za breki za magari mengi ni za chuma cha kusubu. Kila unapokanyaga breki, pedi inaisaga diski na diski inaisaga pedi, na unga unaotoka ndio ule mweusi unaoganda kwenye rimu. Sehemu yake haibaki kwenye rimu. Inapeperuka, inatua kwenye ubavu wa gari lako na kwenye boneti ya anayekufuata. Fikirieni foleni ya Barabara ya Mandela jioni, malori ya bandarini yamechanganyika na daladala, kila dereva akigusa breki kila baada ya hatua chache. Gari linalopita hapo kila siku halihitaji kukaa jirani na fundi geti ili lijae chuma.

Kisha kuna saruji. Wakazi wa Wazo na Tegeta wanaijua, na wenzetu wa Bamburi kule Mombasa wanaijua, lakini siku hizi kila mtaa una nyumba inayojengwa na mchanganyiko wa zege pembeni yake. Vumbi la saruji likiangukia gari kavu, upepo wa njiani unaweza kulipeperusha lote. Likikutana na umande wa alfajiri, saruji inafanya kazi iliyotengenezewa, yaani inaganda. Mwenye gari akitoka asubuhi na kuifuta kwa kitambaa kikavu, ameshajitafutia mikwaruzo kabla hajanywa chai.

Kuna na fundi rangi anayepuliza gari uwanjani, upepo wa bahari ukimsaidia kugawa rangi kwa majirani. Matone yanakauka nusu njiani, yakifika kwenye gari la pili yananata kama vipele visivyoonekana mpaka uviguse. Kuna lami ya barabara iliyotoka kutengenezwa. Kuna utomvu wa mwembe, mti ambao kila mmoja wetu ameegesha gari chini yake kwa hiari, kwa sababu kivuli ni kivuli. Siwalaumu. Jua la Januari la mwambao huu linaipasha boneti nyeusi moto kiasi kwamba huwezi kuiwekea kiganja, na mtu hachagui kati ya jua na utomvu, anachagua kinachomuuma leo.

Na msidhani gari lililoshuka melini juzi limekuja safi. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania inayapokea ya zamani zaidi na kuyatoza ushuru wa ziada kwa uzee wao. Kwa vyovyote, gari limekula miaka ya unga wa breki za huko, likakaa yadi, likasafiri majuma kadhaa baharini. Muuzaji analipiga polishi likang'aa. Ukipitisha mkono juu ya paa, sehemu ambayo hakuna anayeifikia, utajua umri wake.

Hapa niseme habari ya mkono, maana ndio chombo chetu cha kupimia. Jicho linadanganyika na mng'aro. Kiganja kinasikia zaidi, na kiganja kilichovikwa nailoni nyembamba kinasikia mara dufu, kwa sababu nailoni inaondoa kule kukwama kwa ngozi, vidole vinabaki na kazi moja tu ya kuhisi vipele. Katika nchi nyingi mafundi hutumia mfuko wa plastiki wa dukani. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, na Kenya walitutangulia Agosti 2017, kwa hiyo chukueni ile nailoni inayofungiwa mkate, mkung'ute makombo, mtie mkono. Osheni gari kwanza, likiwa bado na maji pitisheni vidole kidogo kidogo bila kukandamiza. Mlango wa dereva unaweza kuwa laini kabisa, na sehemu ya chini ya mlango wa nyuma wa buti ikawa imejaa vipele. Palipo laini msipaguse kwa klei. Kanuni hiyo peke yake, ikifuatwa, ingeokoa rangi nyingi mjini.

Kwa nini nasisitiza kuokoa rangi? Hapa inabidi tuipasue rangi ya gari tuitazame ndani.

Kiwandani, bodi tupu ya chuma huzamishwa yote kwenye birika la rangi ya kwanza, umeme ukapitishwa, rangi ikavutwa na kushika mpaka kwenye pembe ambazo bomba la kupulizia lisingezifikia. Hiyo ndiyo kinga dhidi ya kutu. Juu yake huja praima, juu ya praima rangi yenyewe, na juu ya rangi lile tabaka la kioo ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Ukijumlisha yote manne unapata unene wa mikroni 100 hadi 150, na magari mengi ya Kijapani huwa upande wa chini wa hesabu hiyo. Chukueni karatasi moja ya kawaida ya kuchapia ofisini: ina unene wa mikroni 100 hivi. Rangi yote ya gari lenu, pamoja na kinga ya kutu, haizidi sana karatasi hiyo moja, na klia ni kama theluthi yake.

Ndani ya klia kuna kemikali zinazozuia mionzi mikali ya jua isifike kwenye rangi iliyo chini. Klia ikipunguzwa sana, kinga hiyo nayo inapungua, na matokeo yake tunayaona kila siku barabarani: paa na boneti zinazobanduka magamba meupe, huku milango ya gari hilo hilo bado mizima. Paa na boneti ndizo zinazotazama jua. Ndizo pia zinazosuguliwa kwa bidii kuliko sehemu zote, kwa kuwa ndizo mteja anazozikagua.

Na rangi ya kiwandani hainunuliki tena. Inaivishwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 140 hivi, kazi inayowezekana kwa sababu bodi wakati huo haina viti, nyaya, wala mipira. Gari lililokamilika huwezi kulitia kwenye joto hilo. Karakana nzuri ya kisasa yenye chumba maalumu hukausha rangi kwa nyuzi 60 hivi, ikisaidiwa na dawa ya kugandisha. Karakana zetu nyingi hukausha kwa jua na subira.

Sasa mrudieni mwenye gari jeupe. Ameona vidoa vya kutu vimejaa kwenye boneti, anashtuka, anampelekea fundi. Fundi anatikisa kichwa, anamwambia, "Mzee, bodi inaoza kwa ndani hii, tulipige rangi lote." Nimeyasikia mazungumzo hayo zaidi ya mara moja, na baadhi ya waliokuwa wakiyasema ni mafundi wazuri wa kazi nyingine. Wengine kwa kweli hawajui. Wengine wanajua, na hao sina la kuwaambia hapa. Gari linakwanguliwa msasa, rangi iliyotoka tanurini inakuwa vumbi sakafuni, inawekwa nyingine ambayo baada ya misimu miwili ya jua imeshapauka. Yote kwa ajili ya unga wa chuma uliokuwa juu ya klia.

Kuzitofautisha kutu hizi mbili si kazi ngumu. Kutu inayotoka ndani huinua rangi. Utaona uvimbe, ukiubonyeza kwa ukucha unasikia kitu kinavunjika chini yake, na mara nyingi huanzia kwenye kingo: chini ya milango, kwenye upinde wa tairi, kando ya kioo, mahali maji yanapojificha. Kutu ya kutua kutoka nje haina uvimbe. Ni vidoa vilivyotawanyika bila mpango, vingi kwenye sehemu zilizolala na za nyuma ya gari, na vinakaa juu ya plastiki ya bampa sawasawa na juu ya chuma cha boneti. Plastiki haioti kutu. Ukiona kidoa cha kutu kwenye bampa, umeshapata jibu lako, na fundi wako umeshampa mtihani.

Wenzetu Wamarekani walipambana na tatizo hili kwa sababu ya treni. Magari mapya yalisafirishwa kwa mabehewa kutoka viwandani, na unga wa chuma unaosagika kati ya gurudumu na reli ukayaangukia njia nzima. Muuzaji alipokea gari ambalo halijawahi kuendeshwa, nalo lina vidoa vya kutu. Njia iliyotumika ilikuwa kuliosha kwa asidi ya oksaliki, inayoyeyusha kutu, na asidi hiyo si kitu cha kuchezea kwa mikono mitupu. Njia nyingine ilikuwa ya kale na ya nguvu: msasa wa maji, kisha rabingi, kisha bafa. Vidoa vilitoka. Klia nayo ilitoka, kotekote, hata pale ambapo hapakuwa na kidoa.

Jibu bora lilitoka Japani. Mvumbuzi Tadao Kodate alipewa hataza ya Marekani Desemba 1995, na hataza yake inakieleza kifaa hicho kuwa jiwe la kusagia lililotengenezwa kwa plastiki laini inayokunjika. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 kampuni ya Auto Wax ya Texas ilikipeleka sokoni Marekani kwa jina la Clay Magic, na makampuni mengine yakafuata. Nawaomba mlishike lile neno jiwe. Klei mnayoifinyanga vidoleni haina udongo wa mfinyanzi ndani yake. Ina utomvu wa plastiki unaobonyea, jamii ya polibuteni, uliokandwa pamoja na unga laini sana wa kusagia. Mwenyewe aliyeibuni aliijua kuwa chombo cha kusaga, na sisi hatuna sababu ya kujifanya hatujui.

Akili ya uvumbuzi huu iko katika ule ulaini. Msasa, uwe laini namna gani, unakata kila unachokigusa. Klei ikiteleza juu ya maji yenye utelezi, haigusani vizuri na rangi iliyo sawa, inaelea. Inapokutana na kipele kilichoinuka juu ya usawa wa rangi, kipele kinatoboa ule utando wa maji na kukutana na klei ana kwa ana. Klei inakikwangua, inaking'oa, inakimeza, kisha inapita. Ndiyo maana inaweza kuondoa chuma kilichojichimbia bila kupunguza klia yote inayokizunguka.

Mmesikia niliposema utando wa maji. Kila kitu kinasimama hapo. Utando ukikauka, klei inashuka chini, inagusa klia, na ule unga wa kusagia unaanza kazi mahali pasipo na kazi. Itanata, itaacha madoa yake juu ya rangi, na ukiilazimisha itaacha ukungu wa mikwaruzo ambao kwenye gari jeupe hutauona, na kwenye gari jeusi mwenyewe atauona kabla hajafungua mlango. Kwa hiyo maji yasipungue. Dawa maalumu ya utelezi ikipatikana ni vizuri. Isipopatikana, maji safi yenye shampuu ya magari yanatosha, mradi yawe mengi. Msitumie sabuni ya unga ya kufulia. Inavua nta kwenye rangi, inakausha mipira ya milango, na punje zake zisizoyeyuka zinakwaruza.

Gari liwe kivulini na bodi iwe baridi. Hili kwetu lina maana ya alfajiri au jioni, au chini ya paa. Bodi yenye joto inakausha maji kabla mkono haujamaliza mzunguko wa kwanza.

Kateni kipande kidogo, kiasi cha kujaa vidole vitatu. Msitumie mche mzima kwa pamoja, maana ukianguka chini umepoteza wote. Kifinyangeni kiwe bapa. Siku za baridi, kama za Arusha au Mbeya mwezi wa Julai, kinaweza kuwa kigumu. Kitieni kwenye maji ya uvuguvugu. Lowesheni sehemu ya nusu mita kwa nusu mita, si zaidi. Pitisheni klei kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi, kwa uzito wa vidole tu. Wengi huzungusha mkono kwa mazoea ya polishi. Mkwaruzo wa mstari ukitokea ni rahisi kuuondoa baadaye. Wa duara hunasa jua kutoka kila upande na kuonekana saa zote.

Halafu sikilizeni. Mwanzoni klei inakwama kidogo na kutoa sauti ya chini ya kukwangua. Ukienda na kurudi mara chache, sauti inapungua, kisha inatoweka, na mkono unateleza bila kizuizi. Kazi ya sehemu hiyo imekwisha. Anayeendelea baada ya kimya kuingia hasafishi tena. Geuzeni klei muitazame: kwenye gari kama lililotoa boneti hii, uso wake utakuwa na michirizi ya kahawia na ndani ya michirizi hiyo nukta za kutu zilizonasa. Ikunjeni uchafu uingie ndani, uso safi utoke, mwendelee. Ikishakuwa imechafuka kote hata mkiikunja, hiyo imestaafu kazi ya rangi.

Ikianguka chini, tupeni. Najua inauma, maana kipande hicho ni hela. Punje moja ya mchanga iliyonasa kwenye klei inatosha kuchora mstari kutoka taa ya mbele hadi kioo, na hamtajua mpaka mkaushe. Siku hizi kuna vitambaa na glovu zilizopakwa mpira unaofanya kazi kama klei, nazo zikianguka zinasuuzwa na kuendelea na kazi. Ni nyepesi kwa gari kubwa na zinadumu. Kwa mikono ya mwanafunzi, mimi bado napendelea klei ya kukunja, kwa sababu inamwonyesha alichokitoa. Glovu inasafisha lakini haimfundishi kitu.

Kabla ya klei, mpunguzieni kazi. Lami itolewe kwanza kwa dawa yake. Mtaani wanatumia mafuta ya taa, na kwa kidoa kimoja kimoja yanafaa ikiwa mtaosha mara moja kwa shampuu. Saruji iliyoganda msiiguse kwa klei kabisa, kwa sababu mtakuwa mnaburuta mchanga juu ya klia. Siki iliyochanganywa na maji, kitambaa kilicholowa, na muda wa kusubiri vinalainisha saruji nyembamba ikatoka kwa maji. Siki hiyo hiyo inasaidia kwenye zile alama nyeupe za maji ya kisima, ambayo katika mitaa yetu mingi yana chumvi chumvi na chokaa. Suuzeni sana baadaye.

Kwa chuma kuna dawa inayofaa kutajwa peke yake, ile inayonyunyiziwa ikiwa haina rangi au ina rangi hafifu, kisha ikikutana na chuma inageuka zambarau na kuchuruzika mlangoni kama damu kwenye filamu. Watu hupenda kuipiga picha. Kiini chake ni chumvi za asidi ya thioglikoli, ambazo hushikana na chuma na kukifanya kiyeyuke kwenye maji. Harufu yake ni kali, ya mayai yaliyooza, na mama zetu waliowahi kutia kalikiti saluni wataitambua mara moja, kwa kuwa kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazolegeza nywele zikakubali kujikunja. Tumieni glovu, mahali penye hewa, kwenye bodi baridi, na msiiache ikauke. Ikishafanya kazi, chuma kingi kimeondoka bila kusuguliwa, na klei inabaki na mabaki tu. Kwa gari lililojaa vidoa, gharama ya dawa hiyo inarudi katika rangi isiyosagwa. Ambaye hawezi kuipata atatumia klei peke yake, na itafaa, ila itachukua muda na vipande zaidi.

Kuna mambo ambayo klei haiyawezi, na mteja aambiwe kabla hajalipa. Haiondoi mikwaruzo, mkwaruzo ni shimo, na klei inashughulika na kilichoinuka. Haiondoi alama ya kinyesi cha kunguru au popo iliyokwisha kula klia. Kinyesi cha ndege kina asidi, na juani kinaila klia kwa muda mfupi tu, kwa hiyo dawa yake ni maji na haraka, siku ile ile. Haifufui rangi iliyopauka. Kwenye magari ya zamani yasiyo na klia, klei itabeba rangi yenyewe. Ukiona kipande kinageuka chekundu kwenye gari jekundu, acheni hapo mfikiri upya. Kwenye klia iliyoanza kubanduka msipeleke klei, itanyanyua magamba. Rangi isiyong'aa, ile ya mati inayopendwa na vijana, klei inaing'arisha kwa mabaka na hakuna njia ya kuirudisha. Na gari lililotoka kupigwa rangi juzi liachwe kwanza, tina iliyomo iendelee kutoka.

Mtaniuliza gari lifanyiwe kazi hii mara ngapi kwa mwaka. Sipendi kutaja idadi kwa sababu idadi inageuka kuwa tangazo ukutani. Lakini gari la kawaida la mjini, likioshwa vizuri na kupakwa nta, sioni litakavyohitaji zaidi ya mara mbili, na kwa lingine mara moja itatosha. Mkono uliovaa nailoni ndio unaoamua. Ninachokipinga ni ile huduma ya siku hizi ya kuosha na klei kila Jumamosi, kana kwamba ni sehemu ya sabuni. Gari halipati vipele vipya vya kutosha ndani ya wiki moja. Mnachokisaga wiki ya pili na ya tatu ni klia, kidogo kidogo, na mteja anawalipa muifanye kazi hiyo. Kijana wa kuosha magari atasema, "Mzee, mteja mwenyewe ndiye anataka." Mteja anataka gari laini. Mpitisheni mkono wake mwenyewe kwenye mlango ulio laini tayari, mwoneshe kwamba hela yake ya leo ibaki mfukoni. Huyo atarudi kwako, na atakuja na wengine.

Gari jeusi ni kesi ya peke yake. Hata mkono mzuri wenye maji mengi unaweza kuacha ukungu mdogo wa mikwaruzo juu ya rangi nyeusi. Kwa hiyo anayekubali kulipitishia klei gari jeusi awe ameshakubali kulipiga polishi nyepesi baadaye, na bei aitaje yote kwa pamoja mwanzoni. Kutaja bei ya klei peke yake, kisha kumwambia mteja jioni kwamba sasa linahitaji polishi, ni ugomvi wa bure.

Mkimaliza, osheni tena gari lote kuondoa mabaki ya utelezi, likausheni kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, na siku hiyo hiyo lipakeni nta au kinga nyingine yoyote mliyonayo. Klei huondoa nta ya zamani pamoja na uchafu, kwa hiyo rangi iliyotoka kufanyiwa kazi iko tupu. Mkiliacha hivyo likalale nje, unga wa breki wa kesho utapata pa kushikia bila kizuizi.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaobana matumizi, ambao najua ndio wengi humu. Kipande kilichochoka kwenye mwili wa gari kina kazi bado. Kipelekeni kwenye kioo cha mbele, kwa maji yale yale, kitatoa mafuta ya barabarani na mabaki ya wadudu ambayo waipa zinazungusha tu bila kuyatoa. Kutoka kwenye vioo kinakwenda kwenye rimu, ambako unga wa breki utakimaliza. Kikitoka kwenye rimu kitupeni kwenye pipa la taka, mbali na kipande kipya, ili kijana wa zamu ya jioni asikiokote akakitumia kwenye boneti ya mtu.